Maswali Yenu: Udongo Mikononi mwa Watoto wa Madarasa ya Chini

Barua nyingi tulizopokea kwa ajili ya toleo hili zimetoka kwa walimu wa sanaa wenye watoto wa miaka sita hadi tisa. Wanataka kutumia udongo halisi wa mfinyanzi, lakini kazi zinapasuka, wanyama wanadondosha miguu, na darasa linageuka dimbwi la tope. Tumechagua maswali yanayowagusa wengi. Mtaona tunarudi kila mara kwenye maji na unene, kwa sababu hasara nyingi za ufinyanzi huanzia hapo, kabla hata moto haujawashwa.

Nina watoto 36 na kipindi cha dakika 40. Niandae udongo kiasi gani, na nianze na kazi ipi?

Gramu 300 kwa kila mtoto. Ukiviringisha kiasi hicho unapata donge la kipenyo cha karibu sentimita 6 au 7, linalokaa vizuri katika kiganja cha mtoto wa miaka saba. Donge dogo kuliko hapo huisha kabla chombo hakijapata umbo. Kubwa zaidi humshinda kulizungusha. Watoto 36 watahitaji kilo 10.8, kwa hiyo andaa kilo 13 ili ubaki na udongo wa kuonyeshea na wa kumpa yule ambaye kazi yake itaanguka sakafuni. Yupo kila darasa.

Kata madonge kabla ya kipindi. Uzi wa nailoni wa kuvulia samaki uliofungwa vijiti viwili kwenye ncha hukata vizuri kuliko kisu. Yafunike kwa kitambaa chenye unyevu, si kilicholowa chapachapa. Pima ulaini kwa kidole gumba: kinapaswa kuzama hadi mwisho wa kucha bila nguvu, na kutoka bila kunata. Udongo ukinata, utandaze kwenye ubao au kitambaa kikavu kwa saa moja au mbili. Ukichanika pembeni unapoubonyeza, utoboe mashimo kwa kidole, yajaze maji, ufunge ndani ya mfuko na uuache hadi kesho yake, kisha uukande.

Meza tandika turubai au gunia safi. Plastiki haifai, udongo hung'ang'ania hapo na mtoto huishia kuubandua vipande vipande. Magazeti yanafaa kwa dharura tu, maana hulowa na kuacha makaratasi ndani ya udongo.

Kipindi cha kwanza kisiwe na chombo cha kuhifadhi. Waacheni waviringishe, wabinye, watoboe, warefushe, wapige, halafu madonge yote yarudi ndooni. Walimu wengi huona hicho ni kipindi kilichopotea. Sisi tunaona ndicho chenye faida kuliko vyote: mtoto asiyepewa nafasi ya kuchezea udongo siku ya kwanza ataichukua siku ya pili, wakati wewe unataka bakuli.

Kipindi cha pili, bakuli la kubinya. Mtoto anashika donge kwa mkono mmoja, anazamisha kidole gumba cha mkono wa pili katikati na kuacha kitako cha unene wa sentimita moja. Kisha anabinya taratibu kati ya gumba na vidole, anazungusha kidogo, anabinya tena, akianzia chini kabisa na kupanda. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Mdomo wa bakuli uko karibu na vidole, kwa hiyo wanaanza na huo. Unakuwa mwembamba, unapanuka kama sahani, halafu unachanika. Waambie mdomo ni wa mwisho kuguswa. Ukishapanuka, uzungushie viganja viwili na uusukume ndani kwa upole. Unene wa ukuta uwe milimita 8 hadi 10. Usiwahimize kwenda chini ya hapo hata kama wanaweza.

Kitako kikishasawazishwa kwa kugonga mezani polepole, andika alama pale pale, usisubiri mwisho wa kipindi. Namba ya mtoto kwenye orodha ya darasa inatosha. Mtoto aliyejifunza kuandika juzi ataandika majina yake yote matatu na kutoboa kitako.

Kila tukitengeneza wanyama, masikio, mikia na miguu hudondoka kazi ikikauka. Tunabandika kwa maji ya kutosha. Tunakosea wapi?

Hapo hapo kwenye maji. Maji matupu hushika kwa muda mfupi tu, yakikauka hakuna udongo uliofungamana na mwenzake. Kinachounganisha ni uji wa udongo. Chukua mabaki makavu ya udongo uleule mnaotumia, yavunje yawe madogo, yaloweke usiku kucha kwa maji yanayoyafunika, kisha koroga hadi upate uji mzito unaoning'inia kwenye kijiti bila kudondoka upesi. Tunasisitiza udongo uleule, kwa kuwa kila udongo husinyaa kwa kiwango chake, na uji wa udongo mwingine unaweza kuachia kiungo kikiwa kinakauka.

Namna ya kuunga: chanja pande zote mbili kwa uma au mswaki mkuukuu, mistari ya kupishana, kina cha milimita 2 hivi. Paka uji kote kuwili. Bana huku ukichezesha kushoto na kulia hadi usikie kipande kimegoma kuteleza na uji umechuruzika pembeni. Halafu, na hii ndiyo hatua inayorukwa, buruta udongo wa kipande kimoja juu ya kiungo mpaka uingie kwa mwenzake, angalau upande mmoja. Kiungo kinachobeba uzito kizungushie kikamba chembamba cha udongo na ukisugue hadi kipotelee. Watoto hushika haraka maneno manne: chanja, paka, bana, buruta. Wayaseme kwa sauti wanapofanya.

Hata hivyo uji hautasaidia kama sehemu mbili zina ukavu tofauti. Kiwiliwili kilichotengenezwa Jumatatu na kuachwa wazi kimeshaanza kusinyaa. Miguu mibichi ya Jumatano itaendelea kusinyaa peke yake na kujing'oa. Ama mmalize siku moja, ama kiwiliwili kifungwe ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kitambaa chenye unyevu.

Kuna jambo jingine linalohusu uchaguzi wa kazi kuliko ufundi. Twiga na farasi si wanyama wa darasa la kwanza. Miguu minne membamba chini ya mwili mzito italegea hata ikiungwa na fundi. Chagua wanyama walioketi au wanaolala: kobe, bundi, nungunungu, paka aliyejikunja. Masikio na pua vivutwe kutoka kwenye donge lenyewe kwa kubinya, visiwe vipande vya kubandika. Kisichobandikwa hakibanduki.

Kazi zinakuwa nzuri siku ya kwanza, kesho yake zina nyufa. Udongo wangu ni mbovu?

Huenda udongo hauna kosa. Je, kila meza ina bakuli la maji? Kama lipo, liondoe. Watoto hupenda utelezi, na kila wakichovya vidole wanalainisha juu na kudhoofisha chini. Mpe kila mmoja kipande kidogo cha sponji kilichokamuliwa. Nyufa ndogo zisuguliwe kwa kidole chenye unyevu, basi.

Sababu ya pili ni ukaushaji. Mdomo wa bakuli ni mwembamba na uko wazi, hukauka na kusinyaa huku kitako kikiwa bado kibichi, na mvutano huo ndio unaoupasua. Siku mbili za kwanza funika kazi kwa plastiki iliyolegea, kisha uzipindue zisimame kwa mdomo, mbali na dirisha, feni na jua. Mwishoni ondoa plastiki. Bakuli la milimita 10 huhitaji wiki moja katika hewa kavu, mbili katika hewa yenye unyevu. Kuharakisha juani hakujawahi kuwa na faida.

Tulichoma kazi za watoto, tatu zikalipuka na kuvunja za jirani. Fundi alisema ni viputo vya hewa. Ni kweli?

Maelezo hayo yameenea sana, lakini aliyevunja ni maji. Maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600. Yakiwa ndani ya ukuta mnene na moto ukapanda haraka, mvuke haupati njia ya kutoka kwa wakati, nao unajitengenezea. Kiputo chenye hewa kavu hakina nguvu hiyo. Kinapata lawama kwa sababu unyevu hujificha humo na kwa sababu hupatikana zaidi katika vipande vinene, ambavyo ndivyo vinavyokawia kukauka.

Kwa hiyo angalia unene kwanza. Chochote kinachozidi sentimita 2 kichimbwe kwa ndani kikiwa kimekauka nusu, yaani hakilegei tena lakini kucha bado inaacha alama. Bundi wa donge zima mkate katikati kwa uzi, komba kila nusu kwa kijiko hadi ukuta wa sentimita moja, kisha uunge kwa chanja, paka, bana, buruta. Toboa tundu dogo chini ili unyevu wa ndani utoke.

Pili, hakikisha ukavu. Gusisha kitako shavuni: kikiwa cha baridi kuliko meza kilipokaa, maji bado yanavukiza. Rangi nayo husema. Udongo mkavu hupauka wote, na doa jeusijeusi kwenye kiungo ni unyevu.

Tatu, moto wa kwanza. Hata kazi inayoonekana kavu ina unyevu ulionyonywa hewani. Shikilia tanuri kwenye nyuzi 80 hadi 90 za Selsiasi kwa saa kadhaa, usiku mzima kwa kazi za watoto, tundu la juu likiwa wazi. Panda nyuzi 60 kwa saa hadi 200, endelea bila pupa hadi 600. Katika safari hiyo udongo unapoteza maji yaliyofungwa ndani ya madini yake, na kwenye nyuzi 573 chembe za madini ya kwatzi zilizomo hutanuka ghafla. Ukipita kwa kasi unapata nyufa nyembamba. Baada ya 600 unaweza kwenda nyuzi 100 hadi 150 kwa saa mpaka 1,000, joto linalofaa udongo mwingi mwekundu wa shuleni kwa uchomaji wa kwanza. Usifungue mlango mpaka joto limeshuka chini ya 100. Nyuzi 573 hupitwa tena wakati wa kupoa, na chombo kinachopigwa na hewa baridi hapo hupasuka.

Shule yetu haina tanuri. Tuache tu?

Msiache, ila muwaambie watoto ukweli tangu mwanzo: udongo usiochomwa ukilowa unarudi kuwa tope. Vigae vya ukutani, shanga, sura za watu na wanyama vinaweza kubaki bila kuchomwa, vikapakwa rangi ya maji nzito au akriliki, kisha tabaka mbili za gundi nyeupe ya mbao iliyopunguzwa kwa maji kidogo. Gundi inapunguza kumeguka lakini haifanyi chombo kishike maji, na rangi hizi si za vyombo vya kulia wala kunywea.

Ule udongo wa paketi unaokauka kwa hewa ni rahisi kwa mwalimu, lakini hupasuka juu ya waya au kopo kwa sababu wenyewe unasinyaa na kilichomo ndani hakisinyai. Plastisini inafaa kwa mazoezi ya umbo tu. Haikauki, na haifai kuingia tanurini kamwe.

Kuchoma kwa kuni shimoni kunawezekana, ila joto lake hupanda haraka sana, na kazi za watoto zenye unene usiolingana huumia. Ifanywe na mfinyanzi anayeijua, watoto wakiwa mbali, na kwa udongo uliochanganywa vigae (vipande vya vyungu vilivyochomwa) vilivyosagwa au mchanga.

Kuna udongo mwekundu karibu na shule. Nitajuaje kama unafaa?

Viringisha kamba ya unene wa penseli na uizungushe kidoleni. Ikikubali bila kuchanika au ikachanika kidogo tu, unafaa kujaribiwa. Ikivunjika, una mchanga au matope mengi kuliko udongo wa mfinyanzi.

Kisha dondoshea siki kwenye kipande kikavu. Ukitoa povu, kuna chokaa. Vijiwe vya chokaa ni adui wa siri: vikichomwa hubadilika, halafu hunyonya unyevu wa hewa na kutanuka, hivyo bakuli lililotoka tanurini likiwa zima hubanduka vipande baada ya siku au wiki. Punje za plasta ya jasi hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo meza ya udongo na meza ya plasta zisikutane.

Ukipita majaribio hayo, kausha udongo, uvunje, uloweke kwa maji mengi kwa siku mbili, koroga na upitishe kwenye chujio la matundu madogo ili mizizi na mawe vibaki. Uache utulie, mwaga maji ya juu, tandaza tope kwenye kitambaa hadi likandike. Tengeneza bapa, chora mstari wa milimita 100, likauke kabisa, pima tena. Mstari ukiwa milimita 94, umesinyaa asilimia 6, na hapo hakuna wasiwasi. Ukizidi 10, kazi za watoto zitapasuka. Kandia vigae vilivyosagwa laini au mchanga mwembamba, sehemu moja kwa kila sehemu nane hadi kumi za udongo, upime upya.

Kamba zao za udongo hutoka bapa.

Wanakandamiza chini badala ya kusukuma mbele. Kwanza waminye donge kwa mkono hadi liwe fimbo nene, ndipo walilaze mezani na kuliviringisha kwa vidole vilivyotanuliwa, kutoka ncha za vidole hadi kifundo cha mkono na kurudi. Nusu mzunguko hutengeneza bapa, mzunguko kamili hutengeneza kamba. Kamba iliyokwisha kuwa bapa isokotwe kidogo kisha iendelee. Unene wa sentimita moja na urefu wa 20 vinatosha. Zikipangwa kuwa chungu, upande wa ndani lazima usuguliwe hadi mistari ipotee, hata kama wa nje unabaki kuonekana kwa urembo.

Vigae vyetu vya majina hukunjamana vikikauka. Vilikuwa tambarare kabisa.

Vilinyanyuliwa kwa pembe moja. Udongo uliopindwa huelekea kurudi kwenye pindo hilo wakati wa kukauka, hata ukiunyoosha. Sukumia bapa juu ya kitambaa, kati ya vijiti viwili vya milimita 7 ili unene ulingane, na ulihamishe pamoja na kitambaa chake. Likaushe kati ya mbao mbili zenye magazeti, uligeuze kila siku. Matundu ya kutundikia yatobolewe siku hiyo hiyo kwa mrija, sentimita 1.5 kutoka ukingoni.

Mtoto mmoja hataki kabisa kugusa udongo. Nimlazimishe?

Hapana. Mpe kijiti, uma au mfuko mwembamba wa plastiki wenye donge ndani. Wengine huhamia vidoleni wenyewe, wengine hawahamii, na kigae kilichochorwa kwa kijiti ni kazi kamili.

Glezi, yaani utando wa kioo wa kupaka juu ya chombo, wapake watoto au nipake mimi?

Watoto wanaweza, ikiwa ni glezi ya maji iliyokwisha kuchanganywa na lebo inasema haina madini ya risasi. Unga wa glezi usifunguliwe darasani. Tabaka tatu, kila moja ikauke kabla ya inayofuata, na milimita 5 za chini pamoja na kitako chote ziachwe wazi. Glezi ni kioo kinachoyeyuka; ikifika kitakoni inagandisha bakuli kwenye rafu ya tanuri. Hapo usimtegemee mtoto: pitia kila kitako mwenyewe kwa sponji yenye maji.

Tunasafishaje bila kuziba mabomba, na mabaki tuyafanyeje?

Weka ndoo mbili kabla ya bomba. Mikono na vifaa vinaoshwa kwenye ya kwanza, vinasuuzwa kwenye ya pili, na bombani inabaki sabuni tu. Udongo huzama na kukaa kwenye kona ya bomba, ukajikusanya hadi lizibe. Acha ndoo zitulie usiku kucha, maji ya juu yamwage nje ardhini, tope la chini ni uji wako wa wiki ijayo.

Usifagie meza wala sakafu kavu. Vumbi la udongo lina madini ya silika, nayo yakivutwa kwa pumzi kwa muda mrefu huharibu mapafu, na wa kwanza kuathirika ni mwalimu anayefagia kila siku. Futa kwa kitambaa kilicholowa, ukisuuze, ufute tena. Kwa sababu hiyo hiyo kazi kavu zisipigwe msasa. Sponji yenye unyevu hulainisha vilevile.

Mabaki yaache yakauke kabisa kabla ya kuyaloweka. Wengi hufanya kinyume, wanamwagia maji udongo uliokauka nusu na kushangaa mabonge yanabaki magumu wiki nzima. Udongo mkavu hunyonya maji kwa pupa na kusambaratika wenyewe. Ulio nusu umeshajaa unyevu na hauyapokei. Baada ya siku moja au mbili ndooni, utandaze kwenye kitambaa unene wa sentimita 3, ugeuze mara moja, na ukiacha kunata ukande. Kila mkono wa mtoto umeuondolea unyevu, kwa hiyo udongo uliokwisha kutumika darasani ukandwe kila mara kabla ya kutumiwa tena, hata kama unaonekana mzima.